Manukato Uliyochanganya Hayatupwi

Nyumbani, nyuma ya gereji
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo? Kifua je, bado kinakubana kwa baridi? Unakula kweli au unashindia chai tu? Mimi mzima, ila miguu ndiyo unavyoijua, imevimba kwa kusimama kutwa na pasi pale kwa dobi. Baba yako hajambo, mdomo wake ndio mgonjwa.

Kile kichupa ulichomtumia, cha manukato uliyochanganya mwenyewe kazini kwako, kilifika salama. Alijipulizia mara moja tu. Kulitoka nanasi na tufaha, akakitupa kando kama kimemuuma. "Mwanaume ananukaje juisi? Ndiyo kazi aliyoikimbilia akaacha gereji yangu?" Ndipo akaniamuru nikuandikie uache mambo hayo, urudi kufungua nati.

Kosa nimefanya mimi, usinicheke. Nilitaka kukutetea, nikapuliza kwenye kola ya shati lake kisha nikapitisha pasi ya moto, maana mimi na nguo ndio tunaojuana. Lo! Nyumba nzima ikanuka sukari iliyoungua. Akapata la kusema siku tatu.

Ikanikera. Siku ya nne nikajipulizia mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, nikaenda kazini. Asubuhi yalikuwa matunda matupu, yanakimbilia puani kama watoto wakitoka shule. Sikuyafuta. Saa nne hivi yakatulia, mdalasini na iliki vikajitokeza, na pilipili manga kwa mbali, inachokoza koo. Saa nane nilishasahau. Nikainua mkono kujipangusa jasho, mwanangu wee! Mbao kavu, na joto kama la mtu amekaa karibu. Dada wa kaunta akanusa, akaniuliza, "Mama, leo umekumbatiwa na nani?" Nikamjibu, "Na mwanangu."

Jioni nikamwekea baba yako mkono puani. Akanusa mara mbili, nimemwona kwa macho yangu. Akasema si mabaya, lakini urudi tu. Hapo nikachemka. Nikamwambia: kazi ya mtoto umeipa dakika moja, mimi nimeivaa kutwa. Barua ya kumrudisha andika kwa mkono wako, wangu hauandiki! Amenuna tangu juzi, chakula anakula amegeukia ukuta. Shauri yake.

Kwa hiyo usirudi. Kututembelea sawa, njoo hata kesho. Mimi niliishia darasa la nne, sijui mnachopima kwenye vichupa vyenu, lakini pua ninayo. Barua yake ikija, isome kwa heshima, ni baba yako. Kisha ikunje uende kazini.

Dada yako na wanawe wanakusalimu sana. Bibi yako anakusalimu, na anauliza unaoa lini. Mjomba anaomba kichupa chake. Mungu akufunike, akupe kifua kizima na riziki ya mikono yako.

Akupendaye, na asiyemwogopa mtu humu ndani,
Mama yako