Baba, Niliuliza Mwezi Ulikuwaje

Baba yangu mpendwa, mbishi wa redio,

Wiki hii nimekukumbuka hadi nikajikuta nabishana na redio peke yangu, kama ulivyokuwa ukifanya pale nyumbani Nyasura, Bunda. Ugali upo mezani, mikono tumeshanawa, mtangazaji anasema utafiti umeonyesha hivi na vile kuhusu wanafunzi, nawe unainua kidole: hakuna kula. "Wamepima nini? Wamewapima akina nani? Lini?" Sisi tunameza mate, samaki wetu sato anapoa, mama anasema, "Mwalimu, huyo wa redio hakusikiagi." Loh, nilivyokuwa nikikasirika!

Lakini nilijua ubishi huo ulikotoka. Ulipokuwa ukifundisha Murangi, kabla hatujahamia Bunda, hukutoa majaribio ya darasani siku za giza. Mwezi usipokuwepo wavuvi huingia ziwani na taa zao, na asubuhi nusu ya darasa lako ilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, ikianika dagaa. Waliofika walisinzia. Wewe ulisubiri mbalamwezi.

Mwaka mmoja wakaja watafiti wakati wa giza, wakapima, wakaondoka. Redio ikatangaza kwamba watoto wa ziwani hawajui kusoma. Hawajui! Mama yake Nyangeta, yule msichana aliyesoma kwa sauti hadi unamwomba apumzike, akamtoa shule. Ulimfuata mama huyo mwaloni kumbembeleza, nami nimekushika mkono. "Mwalimu, redio imesema hajui," alikujibu. "Acha abaki hapa aanikage dagaa." Jioni hiyo hukuwasha redio, na Nyangeta hakurudi darasani.

Sasa juzi, hapa studio ya redio Musoma, tukaletewa utafiti mwingine wa kusoma. Mhariri wangu alikuwa ameshaandika kichwa cha habari: Watoto wa Mara Hawajui Kusoma. Saa saba mchana kiwe hewani. Nikampigia simu mtafiti mwenyewe. Akasema walipima kasi ya kusoma tu, darasa la pili, katika shule chache za kando ya ziwa, Murangi ikiwemo. Butiama, mkoa huo huo wa Mara lakini mbali na ziwa, hata hawakufika. Nikamuuliza, "Mwezi ulikuwaje?"

Akacheka, kisha akatazama tarehe zake. Ilikuwa giza. Alisema hakuwahi kulifikiria hilo, akaniomba nilitangaze pia.

Mhariri alinuna, eti habari imepoa. Nikamwambia kwetu hata sato alipoa na tulimla. Nikasoma yote: waliopimwa ni akina nani, kilichopimwa ni nini, wiki yenyewe ilikuwaje, na kwamba wapo kweli watoto wanaosoma kwa shida na wanahitaji msaada. Nilikuwa namwona Nyangeta.

Jana nilipita soko la Mwigobero kununua dagaa. Nyangeta ndiye anayeniuzia siku hizi. Binti yake yupo darasa la pili huko Murangi, anakaa kwa bibi yake, bibi yule yule uliyembembeleza.

"Nilisikia ukitangaza," akaniambia. "Na mama alisikia. Asubuhi nikampigia, nikamwulizia mtoto, naogopa asije akamtoa shule kama alivyonitoa mimi."

Akanipimia dagaa, akaongeza konzi ya nyongeza.

"Kasema ameshaenda shule."

Nikija Butiama kupalilia kaburi lako nitakuja na ile redio yako. Ubishane nayo upendavyo, mwalimu wangu.

Binti yako, uliyekuwa ukimchelewesha kula.