Breki za Kaka Masanja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi wa Ipuli wazima, na mama yako amevuna karanga za kutosha. Umeniuliza: je, kaka yako unayeishi naye huko Dar analewa kwa kuwa hana mapenzi nasi?

Nilipokuwa msichana kule Bukene, kaka yangu Masanja kila asubuhi aliapa kuacha pombe, lakini akipita kilabuni tu, anaingia. Baba alimwita mpumbavu. Daktari wa zahanati akatuambia, "Pombe imelegeza sehemu ya ubongo inayomzuia mtu. Anataka kuacha, ila breki hazishiki. Zitaanza kushika taratibu akikaa bila pombe. Kwa sasa msimwache apite pale peke yake."

Nikawa namsindikiza shambani kwa njia ndefu ya relini, tukibishana na kucheka. Alirudia pombe, tukaanza upya. Mwaka uliofuata akasema, "Mdogo wangu, leo tupite kilabuni." Wenzake wakamwita. Akawasalimu, akapita. Mbele kidogo akaketi chini akilia kwa furaha.

"Zimeshika," akasema.

Kaka yako anatupenda, Neema. Mpeleke hospitali, kisha utembee naye.

Nakukumbatia,
Bibi yako