Mfuko wa Ndani na Vidonge vya Otieno

Jumanne. Baridi ya Kariobangi imeingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nimeamka na hasira.

Jana daktari aliniambia uvimbe wa mfuko wangu sasa ni sugu. Nasema mfuko wa ndani, ule walionishonea kwa utumbo mwembamba baada ya kuutoa utumbo mpana uliojaa vidonda. Nikimaliza antibayotiki tu, kuhara kunarudi. Mfuko huu ukiharibika kabisa, narudi kwenye ule wa nje, wa kubandikwa tumboni.

Sitaki. Niliuvaa miezi mingi, nikaishi nao, lakini sitaki tena.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema wapo walio hatarini zaidi: ambao vidonda vilienea utumbo mpana wote, ambao mirija ya nyongo ina shida, ambao viungo huvimba na kuuma. Mirija yangu ni mizima. Hayo mengine ninayo, wala sikuyaomba. Kisha akauliza, mikono ikiuma nameza nini?

Nikamtajia vidonge vya Otieno, mwenzangu wa kazini.

Sisi hapa jua kali tunatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi. Kugonga mabati kutwa si mchezo, na kila asubuhi chai ikimiminwa, Otieno hupitisha vidonge vya maumivu kama anayepitisha sukari. Hakuna anayekataa. Kumbe, daktari akaniambia, kwa mtu mwenye mfuko kama wangu vidonge vya aina hiyo vinaweza kuchochea uvimbe. Daktari ameniandikia vingine.

Otieno ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali nilipokuwa siwezi hata kusimama. Kumkatalia kitu ni vigumu. Leo amenyoosha mkono kama kawaida, nami nikasema hapana.

"Wacha maringo, buda. Si mfuko ulitolewa?"

Nikamweleza, mbele ya wote, kwamba uliotolewa ni wa nje, na kwamba kuna mwingine ndani, na kazi yake ni ipi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Otieno akakitazama kidonge, akakirudisha mfukoni. Akachukua nyundo yangu, akanipa brashi.

"Basi leo wewe paka rangi."

Nimepaka rangi siku nzima, mimi fundi wa nyundo! Imeniuma kuliko mikono yenyewe. Lakini sijameza kitu, na kesho akinipa brashi tena, nitaishika.