Mkaguzi na Mshono wa Kuficha

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo rasmi kwa wasomaji wote wa shajara hii, yaani mimi na mende wa droo: Mkaguzi amerejea kutoka safari ya kikazi akiwa na suruali iliyochanika.

Mkaguzi ni paka wetu. Jina kalipata kwa tabia — hakuna jiko mtaa huu ambalo hajalikagua. Asubuhi kaingia dirishani akichechemea, paja la nyuma limefunguka kama mfuko wa koti. Kuna matundu ya meno. Meno makubwa, si ya paka mwenzake.

Mke wangu akasema tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikamwuliza kuna fundi gani hapa anayeshona kunishinda. Akajibu: baba, huyo si suruali. Hata hivyo akamviringisha kwenye taulo, akamshika. Nikachemsha sindano, nikatia uzi wa hariri, nikapiga mshono wa kuficha. Safi. Mwanzo alilia, kisha akawa ananitazama tu. Katika maisha yangu yote ya cherehani sijapata mteja asiyelalamika kama huyu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfungia katika chumba cha kushonea. Anaukwaruza mlango, anapanda dirishani, anashuka, ananiangalia kama mahabusu anavyomwangalia askari. Mtembezi hafugiki.

Daktari wa mifugo alikuja kuchukua koti lake. Akauona mshono, akacheka mpaka akaketi, akasema niache nguo nihamie kwake kliniki. Halafu akauliza kang'atwa na nini. Nikasema sijui, sikuwepo. Akaacha kucheka. Akasema jeraha la kung'atwa linaoshwa na kuachwa wazi, halishonwi. Nimpeleke kesho achanjwe, kisha akae ndani, na tuhesabu miezi, si siku. Na akimng'ata mtu, mtu huyo aoshe kwa sabuni na aende hospitali siku hiyohiyo. "Usikae ukingoja, mzee."

Kesho nina sare za shule za kushona. Wiki ijayo nitampeleka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoa nyuzi. Paja limefunga, manyoya yameanza kuota. Nikamwita mke wangu aje aone kazi. Akasema keshaona, keshasifu, sasa nishone pazia lake la mwaka juzi.

Kliniki bado. Mgonjwa kapona — nimpeleke akafanye nini?

Nilikwenda stoo ya mbao kununua ubao wa meza ya kukatia. Ajabu, sikubwekewa. Mwenye stoo akasema mbwa hayupo tena, wamemwua. Alianza kung'ata mbao. Nikamwambia mbwa wa stoo ya mbao ang'ate nini kingine, samaki? Hakucheka. Mtu huyu hucheka hata msibani. Akanikatia ubao wangu, akafuta vumbi la msumeno, akasema: "Paka wako alikuwa akipita hapa."

Niliporudi dirisha lilikuwa wazi. Mkaguzi hayumo.

Jumapili, 30 Machi

Karudi kazini kikamilifu. Anatoka asubuhi, anaingia jioni ananuka vitunguu vya watu.

Leo nimegundua ana mshahara wa pili. Bibi wa juu, mjane anayeishi peke yake ghorofa ya pili, humwekea maziwa na humwita Mume Wangu. Nikamwambia: Bibi, basi mimi ndiye niliyemshonea mumeo paja. Akanijibu ndiyo maana siku hizi anatembea kama fundi, upandeupande.

Habari za yule mbwa sijamwambia mke wangu. Asingesema kitu. Angenitazama tu, na macho yake nayajua.

Jumanne, 8 Aprili

Mkaguzi hataki kutoka. Dirisha wazi, yeye yuko chini ya meza, kwenye rundo la mabaki ya vitambaa, nyuma kabisa kwenye giza. Mke wangu anasema uzee umemfika kama ulivyomfika mtu fulani humu ndani. Nilifurahi. Hatimaye tuna paka wa nyumbani.

Ila sauti imebadilika. Inakwaruza, kama ya mtu aliyeshinda akigombana.

Alhamisi, 10 Aprili

Mate yanamtoka. Anakwenda kwenye bakuli la maji, anainamisha kichwa, hanywi. Nadhani kakwamwa na mwiba wa samaki.

Nimejichoma sindano kidole gumba. Mke wangu kanicheka: fundi mzima.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku mbaya. Asubuhi katoka chini ya meza, kairukia sanamu ya kupimia nguo. Kaing'ang'ania shingoni, anaitafuna, na sanamu yenyewe haina hata kichwa. Kisha miguu ya nyuma ikamlegea. Akajikokota hadi dirishani, akaangukia nje. Mimi wakati huo nilikuwa juu ya kiti. Niandike hivyohivyo — mwanamume wa umri wangu, na tumbo lake, juu ya kiti.

Mke wangu akampigia daktari, akaniwekea simu sikioni. Alichanjwa? Hapana. Yuko wapi? Nje. Kuna aliyeng'atwa?

Nikasema hakuna. Mke wangu alikuwa amesimama pale pale.

Daktari akasema dalili hizo ni za kichaa cha mbwa. Tusimguse, majirani wafungie watoto. Akaja na watu wawili na nyavu, wakapekua uani, nyuma ya mapipa, chini ya magari. Hawakumpata.

Kidole kinawasha.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika kwenye benchi ya hospitali. Niandike jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi daktari aligonga mlango kwa mlango. Kwa Bibi wa juu akajibiwa kutoka ndani, mlango umefungwa: "Mume wangu amelala. Anaumwa, msimwamshe." Kumbe jana alimkuta chini ya ngazi, akambeba kwa mikono yake miwili akapanda naye. Akawa anamnywesha maziwa kwa kijiko.

Daktari akamsihi afungue. Akasema hafungui, mnataka kumwua. Daktari akauliza: Bibi, amekung'ata?

"Hajamng'ata mtu hapa."

Nilikuwa ngazi moja chini ya daktari, mke wangu nyuma yangu. Sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu ya jana, imevaa khanga tu. Nikajua kwamba afanye afanyavyo, daktari hatafunguliwa, na tukivunja mlango ataruka kumkinga yule paka kwa mwili wake.

Nikapanda hadi mlangoni. Nikasema kwa sauti, kwa sababu Bibi hasikii vizuri, na kwa hiyo ghorofa zote zikasikia. Nikasema Bibi, mimi kaning'ata. Alhamisi. Nilimpanua mdomo nitoe mwiba, na mwiba haukuwepo. Akafunga meno kwenye kidole gumba, akashikilia, ikabidi nimkabe ndipo aachie. Sindano haikuhusika. Niliosha kwa maji matupu, nikafunga kitambaa, nikarudi kwenye cherehani. Na nilijua. Mbwa wa stoo ya mbao aliuawa kwa ugonjwa huohuo, nikaambiwa, nikafanya utani. Kliniki nilisema nitakwenda, sikwenda, kwa sababu niliupenda mshono wangu. Ningetaja kidole ningelazimika kuyataja yote haya. Kwa hiyo nikanyamaza, na jana daktari alipouliza nikasema hakuna.

Nyuma yangu mke wangu akashuka ngazi moja.  

Nikasema: Bibi, naogopa kwenda hospitali peke yangu. Twende wote.

 Kitasa kikalia, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Mkono uliotokea kwenye ule uwazi ulikuwa umefungwa leso.

Paka hakutusumbua. Alikuwa kwenye kiti cha marehemu mumewe Bibi, amefunikwa shuka hadi shingoni, na alikuwa amekwisha kufa na kukauka. Daktari alivaa glovu, akamchukua na shuka lake.

Kidole changu kimeoshwa kwa sabuni muda mrefu, nimechomwa sindano kuzunguka jeraha na nyingine begani, na nitarudi tena na tena. Muuguzi kasema kesi yangu imechelewa kidogo, si sana. Kisha akamgeukia Bibi: alikung'ata lini?

"Asubuhi hii," Bibi akasema.

Leso imekauka, damu yake rangi ya kahawa, si ya leo, imeshikana na ngozi. Mke wangu hajanisemesha tangu ngazini. Ameomba bakuli la maji, ameuweka mkono wa Bibi mapajani mwake, anailowesha leso taratibu ili iachie.

"Bibi," anamwambia, "mwambie dada lini hasa."

Bibi hamtazami yeye wala muuguzi. Ananitazama mimi, kama mtu anayeomba nimsaidie kusema.