Saruji au Chokaa

Doha

Kwa mke wangu Mwanaesha,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya mama yangu na watoto wetu. Natumai magoti ya mama yametulia na mafua ya Twalib yamekwisha. Mimi mwili haujambo, alhamdulillahi. Moyo ndio wenye maneno. Naandika kwa mkono, nitampa mtu wa Shela anayerudi wiki hii, maana kwenye simu naanza kufoka kabla salamu hazijaisha.

Nimeyasikia ya dalali. Anataka kabla nyumba haijauzwa tutengeneze paa linalovuja, choo cha juu, na zidaka za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani, ambazo nakshi zake zimemeguka. Paa nakubali, hakuna mnunuzi anayependa kukaribishwa na beseni katikati ya sebule. Choo nakubali. Rangi ya daka la mlangoni achana nayo, atakayenunua atapaka aipendayo. Hadi hapo mimi ni mtu mwenye akili zangu. Kwenye zidaka ndipo anapoingia Fundi Shee, na akili zinatoka.

Unaijua kazi yangu huku. Nasimama mlangoni mwa jengo la watu, nawatazama wanaoingia na wanaotoka. Sasa Fundi Shee anaingia kwangu asubuhi, anatoka alasiri, na mlangoni hapo sipo. Kila ujumbe wako una jina lake. Fundi Shee kasema boriti ya sebuleni imeliwa na mchwa. Fundi Shee hapendi chai ya tangawizi, anataka ya iliki. Chai ya iliki, Mwanaesha. Mimi miaka yote nimekunywa ya tangawizi kwa sababu ndiyo uliyonipa.

Ndiyo maana nikakuambia zidaka zizibwe palipomeguka kwa saruji. Saruji ni kazi ya siku mbili, fundi akusanye vyombo vyake aende. Chokaa hupakwa, ikangojewa ikauke, ikapakwa tena, na kila mpako ni birika jingine la chai. Mtoto gani wa Lamu asiyejua kuwa saruji haipatani na kuta zetu za matumbawe? Unyevu hukosa pa kutokea, saruji ikavimba, ikaanguka pamoja na nakshi za wazee. Na mnunuzi aliyeletwa na dalali kuitazama nyumba, zidaka ndizo zilizomvutia. Nilijua yote hayo, nikasema saruji. Nilikuwa tayari nyumba iharibike ili mtu mmoja atoke ndani yake.

Aliyenijibu ni mama, kwa ujumbe wa sauti, taratibu kama anayepepeta mchele: "Athman mwanangu, saruji hiyo waitakia ukuta au waitakia fundi? Mimi nimeketi ngazini yeo kutwa, hapana ndia ya mtu kupita nisimuone. Nyumba hii ikiharibika, magoti yangu tayapeleka wapi?"

Nikaona haya. Lakini nyuma ya sauti ya mama nilikusikia wewe. Fundi alisema jambo, sikulishika, nawe ukacheka kile kicheko chako cha kukatika pumzi. Niliondoka Twalib akitambaa, na tangu hapo hujanichekea hivyo. Sisi ni ada ya madrasa, gesi, dawa ya mama, basi simu inakatwa. Wivu umenikaba, sikufichi. Ningekuwa hapo ningemnyang'anya mwiko.

Neno langu la saruji nalifuta. Zidaka zitengenezwe kwa chokaa, na fundi akae kadiri ukuta utakavyotaka. Nyumba ipate bei yake, mama apate ile nyumba ya chini kule Mokowe isiyo na ngazi. Mama aendelee kuketi alipoketi. Adabu sikufundishi, unanishinda.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu. Msalimie kaka yako Omari wa Kizingitini, na binti yetu Zainabu, mwambie nimefurahi kusikia amehitimu juzuu yake ya kwanza. Fundi naye msalimie, salamu fupi.

Nawe ukinipigia, habari za gesi ziweke kando kwanza. Niambie fundi alisema nini hata ukacheka vile.

Mumeo,
Athman