Mstari wa Shangazi

Karakana ya Viungo Bandia,
Mlango wa pili baada ya wodi ya mifupa,
Jumatano, 9 Juni.

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo wewe, na mama mtoto hajambo? Na huyo mgeni wetu mdogo, ameanza kulala, au bado anawakeshesha kama walinzi wa benki? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, na wateja wangu wanaona hicho ni kichekesho, maana fundi wa miguu ya bandia hapaswi kuchechemea. Shangazi anaendelea vizuri. Nitamfikia, kwa kuwa barua hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Picha ya mtoto nimeibandika ukutani, juu ya oveni ya kulainishia plastiki. Kila anayekuja kupimwa mguu huuliza ni wa nani, nami hujibu kwa maringo kana kwamba nimemzaa mimi. Paji la uso amechukua la baba yetu, maskini, lakini macho ni ya mkeo, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Najua unachosubiri. Uliniomba niwe mama yake wa ubatizo mtakapokuja nyumbani mwezi wa nane, nami nikatulia kama maji mtungini. Mkeo asidhani nimewadharau. Nilipoisoma barua yako nililia kwa furaha mbele ya mteja, akadhani nimeuharibu mguu wake. Halafu nikaogopa.

Unajua ibada yetu ilivyo. Mama wa ubatizo husimama mbele, mtoto mikononi, akaikiri Kanuni ya Imani kwa niaba yake, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Na mimi, mdogo wangu, kuna mstari mmoja ambao sijausema kwa miaka. Tukifika kwenye ufufuo wa mwili, nanyamaza. Wenzangu wakishapita hapo naungana nao tena kwenye uzima wa milele, ambao nao siuelewi, ila angalau haunifuati kazini.

Maana ni kazi iliyonifikisha hapo. Sikugombana na Mungu. Kila siku nashika kigutu cha mtu, nakifunga bandeji yenye plasta mbichi, nasubiri ikauke, na mikono yangu inajua mwili ni kitu gani. Mteja wangu mmoja, seremala asiyejua kunyamaza, aliniuliza nikiwa nimeinama nampima: "Sasa dada, siku ya kiyama nitafufuka na mguu upi? Ule waliouzika, au huu wako? Maana huu wako nimeshauzoea." Tulicheka mbavu hatuna. Jumapili iliyofuata tukaufikia ule mstari, na mdomo wangu ukakataa.

Usifikiri nimeiacha imani. Nampenda yule Yesu aliyewagusa watu ambao wengine waliwapita mbali, na nikiwa kazini najitahidi mikono yangu ifanane na yake. Siamini kwamba Mungu humkata mtu mguu ili amfundishe adabu. Anayesema hivyo ndani ya karakana yangu namwonyesha mlango, hata akiwa amevaa kola ya uchungaji. Lakini mtu akiachia vile vyuma viwili vya kushikilia kwa mara ya kwanza, akapiga hatua peke yake huku jasho linamtoka na uso umejaa mshangao, mimi husema asante. Naisema kwa sauti, wateja wamezoea. Shukrani ninazo tele. Anwani ndiyo sina hakika nayo kila siku, ila natuma tu, na haijawahi kurudi.

Sasa, kunyamaza ukiwa umejibanza kwenye benchi ni jambo moja. Kusimama mbele ya watu na mwanao mikononi, halafu niruke mstari, au niseme nisichoamini, niliona ni kumfanya mtoto shahidi wa uongo kabla hajaota meno. Nikaamua kukataa. Ila nilitaka Shangazi alisikie kwangu kabla halijamfikia kwa njia nyingine, kwa hiyo nikaenda kwake jioni moja, mwezi wa tatu.

Mkeo hamfahamu vizuri, basi msomee hapa. Mwambie kwamba Shangazi alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka yake yote ya kazi, na kwamba watoto wote wa mtaa tulimwita Spika. Mwambie kwamba akikuita ule chakula, na jirani wa nyumba ya tatu alinawa mikono. Huyo ndiye niliyekaa naye benchi moja kanisani tangu mama alipotutoka, na kila Jumapili, tukifika kwenye mstari ule ule ninaounyamazia, yeye alipaza sauti mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Nilidhani anaupenda kuliko yote. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, alinikera.

Nilimkuta sebuleni anakunja nguo. Nikajikaza kisabuni, nikamweleza yote. Hakuacha kukunja.

"Unafikiri nimekaa pembeni yako muda wote huo nina pamba masikioni?" akasema. "Hapo unaponyamaza ndipo mimi hupaza. Nasema wa kwangu na wa kwako."

 Nikamuuliza kama yeye hajawahi kukwama. Akalikung'uta shuka, akanipa ncha mbili nishike.

"Bwana wangu alipokufa, neno Mwenyezi lilinishinda. Mwenyezi gani, na mimi nimebaki hivi? Sikuliweza mwaka mzima. Mama yenu alikuwa akinigusa kiwiko, analisema yeye. Wifi yangu yule hakuniuliza hata siku moja kama nimepona. Siku niliyolisema mwenyewe, aliguna tu, akaendelea."

Kitinda, nimemheshimu Shangazi maisha yangu yote kwa sababu ya ada za shule, sare na vibao vya haki alivyotupiga. Siku ile nilimheshimu upya. Mwanamke ambaye nilimwona mwamba, ambaye niliogopa nisije nikamvunja moyo kwa mashaka yangu, kumbe ndiye aliyekuwa akinibeba kila Jumapili wala hakunitangazia, yeye aliyetangaza kila treni. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Wanawake hawa wawili walijua ni mzito, wakaubeba.

Hata hivyo nilibaki njia panda. Kubebwa kwenye benchi sawa, lakini mbele ya kanisa nani angenisemea?

Kisha ukaja ule uvimbe wa kooni, habari unazo. Tulishukuru kwamba haukuwa na ubaya, na kidonda kimefunga vizuri. Jambo ambalo sikukuandikia, kwa kuwa alinikataza, ni kwamba alitoka chumba cha upasuaji bila sauti. Daktari anasema huenda ikarudi na huenda isirudi. Kwa sasa ananong'ona maneno mawili matatu, akichoka anaandika kwenye kibao cha chekechea tulichomnunulia. Wageni wanamwonea huruma. Yeye anawaandikia, "Chai ipo jikoni, jimiminieni."

Jumapili iliyopita alirudi kanisani, kitambaa kimefungwa shingoni, amenyooka kama kawaida yake. Tukasimama kwa Kanuni ya Imani. Nilikuwa nasema na wenzangu bila kufikiri, mpaka tukaufikia ule mstari. Nikanyamaza kama siku zote, na kwa mara ya kwanza nikausikia ukimya wetu. Benchi letu lilikuwa na shimo. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa ikicheza, inaumba kila neno vizuri, na hakuna kilichotoka. Alikuwa anatazama mbele, na machozi yanamtiririka.

Nikausema, Kitinda. Niliusema kwa nguvu hata wenzangu wakawa wameshapita na mimi bado nipo kwenye "mwili". Watu wa mbele waligeuka. Shangazi hakugeuka, ila alinishika kiwiko, akaguna.

Ukiniuliza kama ninauamini tangu siku ile, nitakujibu kwamba sijui. Mguu wa seremala bado unanisumbua. Ninachojua ni kwamba haukuwa uongo, kwa sababu ulikuwa mstari wake, na mimi nilikuwa nimeushika mpaka apate nguvu. Naona hata mtoto naweza kumshikia hivyo hivyo.

Basi mleteni. Nitasimama naye mbele na nitaisema yote. Akikua, akafika mahali mdomo wake unapokataa, msimgombeze. Mkalisheni karibu na mtu.

Nisalimie mama mtoto, umwambie nashukuru kwa picha na kwa macho. Wasalimie wakwe zako wote, hasa yule mama mkwe mcheshi aliyeniomba nimtengenezee mguu wa meza. Seremala anawasalimu, anasema mtoto msiharakishe kumvisha viatu, aufaidi kwanza mguu wake mwenyewe. Mungu, vyovyote alivyo, na naamini ni mwema kuliko tunavyomhubiri, awalinde njiani na awafikishe salama.

Nakupenda tangu ulipokuwa ukinikojolea mgongoni,

Dada yako,
Fundi Miguu.

Tena: Shangazi ameisoma barua hii yote bila kuombwa, na sasa ananinyang'anya kalamu.

*Mwanangu, mleteni mtoto upesi. Mwambie dada yako siku hiyo apunguze kelele. Nimepoteza sauti, masikio ninayo. Mimi nitakuwa nyuma yake, nimshike kiwiko. — Spika*