F3: Mlango Haukuwa na Kosa

Baba yangu uliye Bukavu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Lile jina la "Fundi Mulango" ambalo mtaa mzima wa Bwiza walikubandika lilitoka mdomoni mwangu. Na mbaya zaidi, kosa langu nililijua mapema kabisa, nikanyamaza mwaka mzima.

Jiko lenyewe hujalisahau. Jiko la umeme la Mama Salha, lililoletwa kutoka Maskati, oveni chini, na kioo kidogo cheusi kinachoandika namba. Kila akiwasha oveni, jiko linalia mara tatu, linaandika F3, linazimika. Ulipiga magoti sakafuni, ukanipa kitabu chake cha Kifaransa, ukasema kama siku zote: "Soma, profesa wangu. Mikono ni yangu, macho ni yako."

Nikasoma: F3, sonde ouverte. Sonde sikuijua. Shuleni tuna Kirundi na Kifaransa, na neno hilo halijawahi kupita katika hata kimoja. Lakini ouverte niliijua tangu utotoni. Mwalimu anasema la porte est ouverte, mlango uko wazi, darasa zima tunarudia kama wimbo. Niliona haya kusema sijui. Nikakwambia, "Inasema mulango iko wazi, Baba."

Ukaniamini. Ukafungua bawaba, ukabadilisha raba, ukaenda mpaka Cibitoke kwa mafundi wa vyuma kutafuta springi. Ulirudi kwenye jiko lile mara nne. Mlango ukawa unafunga kama wa benki, na jiko likaendelea kuandika F3.

Ijumaa ile Mama Salha alisimama jikoni, mkono kiunoni. "Fundi, mulango iko muzuri sana, minashukuru. Sasa mukate nitachoma ku mulango?" Majirani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu akauliza, "Nani alikusomea hii kitabu?"

Ukajibu bila kunitazama: "Nimesoma mwenyewe."

Wewe, Baba, ambaye Kifaransa chako kinaishia kwenye bonjour. Nilikuwa nyuma yako nimeshika tochi. Nikaizima, nikaanza kukuokotea skrubu.

Jumatatu mwalimu wa fizikia akachora waya na taa ubaoni. Circuit ouvert, akasema, umeme haupiti, njia imekatika mahali. Masikio yaliniwaka. Kumbe kwa umeme "wazi" maana yake imekatika! Nikamuuliza sonde ni nini, swali langu la kwanza darasani mwaka ule: ni kile kijiti cha chuma kinachopima joto. Basi jiko lilikuwa linatulilia juu ya waya, sisi tunakaza mlango. Nilirudi nyumbani mbio. Ukaniuliza, "Shule?" Nikasema, "Muzuri."

Ndivyo nilivyosema, Baba. Muzuri.

Jina likakutangulia kila mahali. Watu wa Bwiza wakipata jina tamu hawalitemi. Ulicheka nao, lakini wateja wakapungua, na ulipoitwa Bukavu kutengeneza majiko ya hoteli ukafunga begi. Ufunguo wa ateliye, karakana yako, ulimwachia Mama. Mimi ukaniachia testeri yako ya kupimia umeme. "Cheza nayo," ulisema. Sikucheza nayo.

Sasa Baba mdogo anataka kumpa ateliye rafiki yake anayeuza kava za simu. Jana kwenye chakula alisema, "Fundi amekwenda. Amebaki mutoto mwanamuke, ukimuuliza jina anaangalia viatu. Atasema nini na wateja?" Mama akamwambia aje leo baada ya Alasiri achukue ufunguo.

Niliangalia viatu, kweli. Lakini viatu hivyo vilikuwa vimeshafika kwa Mama Salha.

Nilikwenda Alhamisi, nikitoka shule. "We ni nani?" aliniuliza, maana siku zile nilijificha nyuma yako.

"Mi ni mutoto ya Fundi Mulango."

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Karibu! Unatuletea mulango ingine?"

"Apana, Mama. Ile mulango ilikuwa yangu. Baba hakusoma. Mi ndiye nilisoma vibaya."

Akaacha kucheka. Aliondoa ndoo ya unga juu ya jiko, akavuta kitambaa alicholifunikia. "Haya. Ona."

Nilizima umeme ukutani, nikapima kwanza kwa testeri yako kuhakikisha umekufa, kama ulivyonifundisha. Nikafungua mgongo wa jiko. Nikapima kijiti: omu elfu moja na kidogo, kizima. Nikapima kuanzia mwisho wa waya wake: hakuna kitu. Nikaufuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya oveni, nikakuta kiungo kimeungua, cheusi kama karafuu. Nikakikata, nikaunga upya kwa kiungo cha kauri kutoka kwenye kopo lako la skrubu. Nikafunga, nikawasha.

Baba, halikulia.

Mama Salha alitia mkate wa mayai, tukasimama wote wawili tunautazama kwenye kioo kama watu wanaongojea mgeni. Alipoutoa akanikatia pande la kwanza. "Kula, fundi." Nililila la moto vile vile, ulimi ukaungua.

Basi nakwambia: ufunguo sitoi. Mama aliuweka juu ya kabati. Sasa uko shingoni mwangu. Na lile jina nirudishie, ni langu, umelibeba vya kutosha. Nitaliandika kwa rangi juu ya ateliye, herufi kubwa, anayetaka kucheka acheke akiwa ameleta jiko. Nawe ukirudi nitakufundisha Kifaransa. Tutaanzia na sonde.

Nasikia kandambili za Baba mdogo uani, ya kushoto anaiburuza. Siku zote nikisikia hatua naficha daftari hili ninalokuandikia chini ya godoro. Hata sasa mkono ulishalinyanyua. Nimelirudisha mezani, ukurasa juu. Kwa Kifaransa asingeambulia kitu. Nimeandika Kiswahili, aelewe yote.

Anabisha hodi. Nimemjibu kwa sauti iliyonishtua mwenyewe: "Ingia, Baba mdogo. Mulango iko wazi."

Binti yako,
Fundi Mulango